Sura ya Saba: Kipupwe, Matope na Baiskeli ya Umeme

Vijitabu vinavyowekwa ndani ya makasha ya baiskeli za umeme vimeandikwa, kwa sehemu kubwa, na watu wa nchi ambazo maji hugeuka jiwe kwa miezi mitatu au minne ya kila mwaka. Na kwa kuwa kila mwandishi huandika kwa hofu za kwao, vijitabu hivyo humwonya msomaji juu ya theluji, juu ya chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na juu ya mabanda yasiyo na moto. Mkulima wa chai wa Merigi, katika Bomet ya Mashariki, akiyasoma maonyo hayo, kama amebahatika kupata kijitabu kilichoandikwa kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kucheka kidogo na kukirudisha kijitabu ndani ya kasha. Theluji ataitafuta wapi? Walakini akidhani kwamba, maadam hana theluji, basi hana pia msimu unaoweza kumharibia chombo chake, atakuwa amecheka mapema. Kwa maana milima ya Kericho na Bomet inayo baridi yake yenyewe, yenye tabia nyingine na silaha nyingine, na baiskeli iliyostahimili Januari kumi za Ulaya huenda ikashindwa na masika moja ya Merigi.

Yafaa kwanza kuijua baridi hiyo. Nchi ya chai imekaa juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 2,000, mahali pengine pungufu kidogo na mahali pengine zaidi, katika ubavu wa magharibi wa msitu wa Mau. Jua linapopanda, upepo wenye unyevu huja kutoka Ziwa Victoria, ukapanda miinuko hii na kukutana na hewa itokayo mashariki, na alasiri mawingu yakafunguka. Ndiyo maana mtu wa huku hupanga safari zake asubuhi, na mgeni aliyetoka bila koti kwa sababu mbingu ilikuwa safi saa tatu hurudi saa kumi amelowa mpaka mifupani. Masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, lakini mvua haiagi baada ya hapo, bali hupunguza sauti tu, na katikati yake kinaingia kipupwe cha Juni, Julai na Agosti, ambacho pwani ni faraja ya watu waliochoshwa na joto, na huku juu ni ukungu unaolala juu ya majani chai mpaka jua liko juu, na usiku ambao kipimajoto hushuka hadi nyuzi tisa au kumi za Selsiasi. Juu ya hayo yote iko mvua ya mawe. Wataalamu wa hali ya hewa wamezihesabu Kericho na Nandi miongoni mwa mahali penye siku nyingi zaidi za mvua ya mawe katika dunia nzima, hata katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa wakajaribu kupigana na mawingu kwa maroketi na kwa ndege zilizoyanyunyizia dawa, vita ambavyo, kwa kadiri mkulima yeyote wa leo awezavyo kushuhudia, mawingu hayakushindwa.

Sasa tuitazame betri, ambayo ndiyo roho ya chombo na ndiyo sehemu yake ya thamani kubwa kuliko zote. Wazo la baiskeli ya umeme ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani, kwani Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma mwaka 1895, wakati reli ya Uganda ilikuwa haijatandikwa bado pale Mombasa. Lakini wazo hilo lilikaa karibu karne nzima bila manufaa makubwa, kwa sababu betri za risasi zilikuwa nzito kama dhambi. Mabadiliko yalikuja na betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, na ambayo iliwapatia wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani ya betri hiyo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili: ukichaji huenda zikajipenyeza katika matabaka ya kaboni, na ukiendesha hurudi zilikotoka, na marejeo hayo ndiyo umeme unaozungusha mota. Baridi huzipunguzia mwendo. Katika nyuzi kumi upungufu ni mdogo, mpandaji anaweza asiutambue. Lakini chini ya sifuri, mtu akichaji, chembe hizo hushindwa kuingia katika kaboni kwa wakati, zikajikusanya juu yake kama utando wa madini, na utando huo haurudi tena kuwa umeme. Betri hupoteza sehemu ya uwezo wake milele, na utando ukizidi huweza kuota miiba inayotoboa kizuizi kilicho kati ya pande mbili na kuleta moto. Hiyo ndiyo asili ya lile onyo kuu la vijitabu, kwamba betri isichajiwe penye kuganda.

Je, Merigi huganda? Mtu akiniuliza nitamjibu kwamba Julai, pamoja na ukungu wake wote, haigandi, kwa sababu mawingu hulifunika joto la ardhi usiku kucha. Hatari iko mahali ambapo hatuitazamii, yaani Januari na Februari, katika siku za kiangazi, wakati mchana ni wa jua kali na usiku mbingu ni wazi na nyota zinaonekana mpaka ya mwisho. Hapo joto la ardhi hukimbilia juu bila kizuizi, na hewa nzito ya baridi hutiririka mabondeni na kutuama. Januari 2012 jalidi iliunguza majani chai katika sehemu za Kericho, Bomet na Nandi, mashamba yakageuka rangi ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Kwa hiyo mwenye baiskeli anayekaa bondeni, na ambaye huiacha nje chini ya upenu wa paa, anapaswa kuitia betri ndani katika miezi ya kiangazi, si katika ile ya mvua peke yake. Na asubuhi ya jalidi asiichaji mpaka imekaa chumbani muda wa kutosha kuacha ubaridi wake. Asubuhi za namna hiyo ni chache, na baada ya kuzikumbuka mtu anaweza kuliweka suala la kuganda kando, kwa kuwa adui wa kweli wa chombo hiki katika nchi ya chai ni maji.

Maji huingia mahali ambapo jicho haliingii. Kiwandani huandikwa juu ya chombo alama ya herufi IP na tarakimu zinazofuata, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayotuhusu: 4 maana yake kinavumilia maji yanayorushwa kutoka pande zote, 5 kinavumilia maji ya bomba, 7 kinavumilia kuzamishwa kwa kina cha mita moja kwa nusu saa. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwa bei ya wastani ni za 4. Alama hiyo inatosha kwa manyunyu ya mjini, na inatosha hata kwa mvua ya alasiri ya Merigi ikiwa mpandaji ataifikia nyumba upesi. Haitoshi kwa kijito kilichofurika juu ya barabara, wala kwa yule kijana wa kuosha magari ambaye, kwa moyo mweupe kabisa, huelekeza mtambo wake wa maji ya nguvu moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu mpaka udongo wote umetoka na grisi yote imetoka nao. Mota iliyo ndani ya gurudumu hupata umeme kwa nyaya zinazopita katikati ya ekseli, na penye tundu la nyaya hizo ndipo maji yanapopenda kuingia. Fundi mwenye busara huziachia nyaya mpindo unaoning'inia chini kabla hazijaingia katika ekseli au katika kisanduku cha kontrola, ili tone linaloteremka juu ya waya lifike kwenye mpindo na kudondoka, lisiendelee mpaka ndani. Kazi hiyo haina gharama yoyote. Viungio vya nyaya navyo hufunguliwa mara moja kabla ya masika, vikakaushwa, vikapakwa mafuta mazito yasiyopitisha umeme ambayo mafundi wa magari wanayo, kisha vikafungwa. Kwani kiungio kilicholowa hakifi siku hiyo hiyo, bali huota kutu ya kijani taratibu, na mwenye baiskeli huanza kuona mota ikikatika-katika mlimani, akailaumu betri isiyo na hatia na kununua nyingine.

Na msomaji asijifariji kwa dhamana. Aghalabu dhamana ya betri na mota haihesabu maji yaliyoingia kwa kuzamishwa au kwa kuoshwa vibaya, na sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo.

Udongo wa huku nao una tabia yake. Ni udongo mwekundu wa asili ya volkano, wenye rutuba ya kupendwa na chai, unaokauka ukawa vumbi laini na kulowa ukawa kitu kilicho kati ya sabuni na gundi: chini ya tairi ni sabuni, na kati ya tairi na madigadi ni gundi. Baiskeli iliyotengenezwa kwa lami, ambayo madigadi yake yamekaribiana na tairi kwa upana wa kidole, haitembei mita mia mbili katika barabara ya shamba baada ya mvua kabla gurudumu halijakwama. Na hapo mpandaji asiyejua huongeza mota nguvu, mota ikivuta gurudumu lisilozunguka, umeme ukageuka joto tupu, na harufu ya waya unaoungua ikawa ndiyo somo lake la kwanza. Madigadi ya msimu wa mvua sharti yainuliwe au yaondolewe kabisa, ijapokuwa mgongo wa mpandaji utalipa. Matairi yawe mapana, yenye meno, na yapunguzwe upepo kidogo ili yashike. Breki za mpira zinazobana rimu hulika upesi kwa mchanga uliochanganyika na maji, na katika mteremko mrefu wa kuelekea mto Nyangores si breki za kuzitegemea. Breki za diski ni bora, nazo pia hushika kwa kuchelewa kidogo zikilowa, basi mpandaji huzigusa kidogo mapema ili zijikaushe kabla hajazihitaji. Mnyororo hufutwa na kutiwa oili kila mara baada ya matope, hasa ule wa baiskeli yenye mota katikati, kwa kuwa mnyororo huo huvuta nguvu za miguu na za mota kwa pamoja.

Hapo tumefikia jambo ambalo kwalo nchi ya milima inaipa baiskeli ya umeme sifa ambazo nchi tambarare haiwezi kuipa. Katika kimo cha mita 2,000 hewa imepungua uzito, imebaki kadiri ya humusi nne za ile ya Mombasa, na injini ya petroli ambayo huishi kwa kuvuta hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Pikipiki ya bodaboda iliyokuwa hodari Likoni hupanda milima ya Bomet ikihema. Mota ya umeme haivuti pumzi. Nguvu zake huku ni zilezile za pwani, na huzitoa zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, pale hasa ambapo mpandaji wa mlima anazihitaji. Lakini mlima haudanganywi, na hesabu yake ni ya kufanywa kabla ya kuondoka nyumbani. Chukua mpandaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 25, na mzigo wa majani mabichi ya kilo 30 anaoupeleka kituo cha kununulia chai. Kuinua kilo hizo 125 kwa mita 100 za kimo kunahitaji kazi ya wati-saa 34, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto ndani ya mota, betri itatoa kadiri ya 45. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Basi mpando mmoja wa namna hiyo, kama mpandaji ameketi tu bila kukanyaga pedali, umekula thumuni ya betri, bado hatujahesabu matope, ambayo hulivuta gurudumu nyuma mara kadhaa kuliko lami. Akikanyaga kwa nguvu za wastani, mzigo wa betri hupungua kwa theluthi au nusu, na safari iliyokuwa ya kwenda bila kurudi hugeuka kuwa ya kwenda na kurudi.

Kuna kosa moja la milimani ambalo limeua mota nyingi, nalo ni kuiachia mota ya kitovuni ipande polepole sana. Mota ya aina hiyo hufanya kazi vyema gurudumu likizunguka kwa kasi ya haja. Likitambaa, sehemu kubwa ya umeme hubadilika kuwa joto lisilo na pa kwenda. Mwenye kukaa milimani, ikiwa mfuko unamruhusu, anunue baiskeli ambayo mota yake iko katikati penye pedali, ili nayo ifaidi gia kama miguu inavyofaidi. Kampuni ya Yamaha ilipotoa mwaka 1993 baiskeli ya kwanza ya kuuzwa ambayo mota humsaidia anayekanyaga badala ya kumbeba, ililiweka jambo hili katika njia yake sahihi, na sioni sababu ya mtu wa Merigi kuiacha njia hiyo kwa ajili ya kupenda kukaa bure juu ya kiti.

Tuje kwenye kuhifadhi. Wako wanaopumzisha baiskeli zao kwa majuma kadhaa ya masika, barabara za mashamba zikiwa hazipitiki, na wako wanafunzi na walimu wanaoziacha nyumbani muhula mzima. Tabia ya mwanadamu ni kuijaza betri pomoni ndipo aiache, kwa fikra kwamba kilichojaa hudumu; wengine huiacha tupu, kwa fikra kwamba kilichoisha hakiharibiki. Zote mbili ni fikra za hasara. Lithiamu iliyojaa inakaa katika dhiki na kuzeeka upesi. Iliyo tupu inaendelea kuvuja kidogo kidogo, hasa kwa kuwa kuna kibao kidogo cha ulinzi ndani yake kinachokunywa umeme usiku na mchana, mpaka seli zishuke chini ya kiwango ambacho hazipandi tena. Betri hupendelea kuhifadhiwa ikiwa katikati, kati ya asilimia 30 na 60. Ile ya volti 36 ina mafungu kumi ya seli yaliyopangwa mfululizo. Ikijaa mita ya fundi husoma 42, na ikisoma 37 au 38 iko mahali pazuri pa kupumzika. Kila baada ya miezi miwili ipimwe, na ikishuka iongezwe kidogo.

Nyumba ya kuihifadhi ichaguliwe kwa makini. Jikoni, ambako kuna joto, ndiko watu wengi hukimbilia, na kwa betri ndiko mahali pabaya kuliko pote: kuna mvuke wa sufuria, kuna moshi, kuna moto wa kuni, na kitu cha baridi kikiingizwa penye mvuke hutokwa jasho kama kioo cha dirisha, maji yakatanda juu ya vipande vya shaba. Ghalani penye mahindi kuna panya, na panya hawabagui kati ya mahindi na ngozi ya nyaya. Chumba kikavu chenye hewa, mbali na moto na mbali na njia ya kutokea, kinatosha. Nayo baiskeli iinuliwe juu ya mbao ili matairi yasikae katika sakafu yenye unyevu, ipuliziwe upepo, na ifunikwe kwa shuka au gunia linalopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, na nimeona fremu zilizoota kutu zaidi chini ya turubai jipya kuliko zile zilizosimama barazani.

Nimesema mbali na njia ya kutokea, na msomaji asiidharau kauli hiyo. Katika jiji la New York watu 18 walikufa mwaka 2023 kwa mioto iliyotokana na betri za lithiamu, na sehemu ya msiba huo ilikuwa kwamba vyombo vilichajiwa usiku mlangoni, basi moto ulipowaka waliokuwa ndani hawakuwa na pa kupitia. Jiji lile limeweka sheria kwamba baiskeli zinazouzwa ziwe zimepimwa usalama. Sisi tunanunua tunachopata, pamoja na betri zilizofunguliwa na kuundwa upya na watu wasiojulikana. Betri ichajiwe mtu akiwa macho, kwa chaja yake yenyewe, juu ya sakafu ya saruji au jiwe, isichajiwe juu ya kitanda wala karibu na mapazia. Ikiwa imeanguka na kubonyea, au imezama majini, au inatoa joto na harufu tamu isiyo ya kawaida, itolewe nje ya nyumba siku hiyo hiyo.

Stima yenyewe, ambayo vijiji vingi vya milimani vimeipata katika miaka ya karibuni tu, inataka hadhari ya pekee. Hukatika kwa upepo, kwa mti ulioanguka, na mara nyingine kwa nchi nzima kwa pamoja, kama ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2023. Na inaporudi huweza kurudi kwa mshindo wa volti unaounguza chaja. Inapokatika, plagi ing'olewe, na isirudishwe mpaka taa zimetulia. Radi nayo, katika bonde zima la Ziwa Victoria, ni jirani wa kila alasiri: wingu likianza kunguruma, chaja itolewe ukutani. Kwa bahati njema saa za ngurumo ni chache, na saa za asubuhi zinatosha kujaza betri, ambayo haihitaji zaidi ya nusu yuniti, au chini yake kidogo, ili ijae. Na ukitaka kujua umeme huo unatoka wapi, sehemu yake inatoka katika mvua hii hii tunayoilalamikia: mito inayoshuka kutoka Mau na milima ya Kericho huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu, yenye megawati 60, na Hospitali ya Tenwek, hapa karibu na Bomet, imekuwa ikijizalishia umeme katika maporomoko ya Nyangores tangu miaka ya 1980.

Kwa ndugu zetu waliokwenda mbali maneno yanageuka. Wakenya wa Minnesota, ambako wastani wa joto la Januari uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri, wanahitaji lile onyo la vijitabu neno kwa neno: betri ilale ndani ya nyumba, iingizwe katika baiskeli ikiwa na joto la chumba wakati wa kuondoka, isichajiwe mara tu inapoingia kutoka barafuni, na safari ipangwe kwa kutegemea theluthi moja pungufu ya umbali wa kiangazi. Chumvi ya barabarani huko hufanya kazi ya udongo mwekundu wa huku, nayo huoshwa kwa ndoo na kitambaa. Asiyetaka taabu hiyo aiweke baiskeli katika chumba cha chini, betri ikiwa katikati, mpaka Machi.

Imebaki kusema juu ya soko. Serikali ya Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ilizipa baiskeli za umeme na betri za lithiamu nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huo huo mamlaka ya nishati iliweka bei maalumu ya stima kwa vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti mchana na nusu yake saa ambazo mahitaji ni madogo. Kampuni za pikipiki za umeme, kama Ampersand iliyotokea Kigali, na Spiro, zimejenga biashara yao juu ya vituo ambapo betri iliyoisha hubadilishwa kwa iliyojaa. Nao ni mpango mzuri kwa bodaboda wa mjini ambaye kutwa nzima yuko barabarani. Mtu wa Merigi hayuko katika hali hiyo. Betri ni yake, ataichaji nyumbani kwake, ataibeba yeye mwenyewe kuiingiza ndani wakati wa mvua, na ikiharibika ni yeye atakayelipa.

Ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwa wauzaji kwanza. Wanaoleta vyombo hivi katika nchi ya chai na wavijaribu katika nchi ya chai, mwezi wa Aprili, wakiwa na gunia la majani mgongoni mwa baiskeli. Na waandike kijitabu cha Kiswahili kinachozungumza juu ya matope, radi, panya na mvua ya mawe, wakiiachia theluji kurasa zake kwa wale inaowahusu. Nawe mnunuzi, kabla hujahesabu fedha, muulize muuzaji alama ya IP ya mota na ya kontrola, uzito ambao chombo kinaweza kuupandisha mlimani bila kuungua, na bei ya betri ya pili itakapohitajika miaka michache ijayo. Akishindwa kukujibu hata moja kati ya hayo, zirudishe fedha zako mfukoni na uende dukani kwa mwingine.